Kufuli liwe hangani, si mawinguni

Ndugu Mhariri,

Ndege ndogo ya mtu binafsi ikiparamia jengo, au ikipotea njia ikakatiza karibu na ikulu, haipiti wiki bila kusikika sauti zinazotaka ndege hizo zifungiwe: zisipite juu ya miji, zisiruke usiku, zisiruke kabisa bila kibali cha vyombo vya usalama. Upande wa pili nao marubani huja juu, kana kwamba kila swali wanaloulizwa ni tusi. Sisi tunaoandika tunafanya kazi na ndege hizi kila siku, na tunaona wote wawili wanagombania mahali pasipo penyewe. Wanagombania anga, wakati shida iko chini, hangani, pale ndege inapolala.

Tuanze na ukubwa wa hatari, maana hapo ndipo mjadala huu hupinda mapema. Cessna 172 ya viti vinne, ndege inayofahamika kuliko zote za aina yake, ikijazwa watu na mafuta ina uzito wa kilo 1,100 hivi, sawa na gari dogo la saluni. Matangi yake huchukua lita 200 na kidogo. Mwendo wake wa safari ni kama kilomita 220 kwa saa. Boeing 767 iliyogonga mnara wa kaskazini wa World Trade Center mwaka 2001 ilikuwa na uzito wa zaidi ya tani 120, ilikuwa ikienda kama kilomita 700 kwa saa, na ilibeba mafuta zaidi ya lita 35,000. Nguvu ya pigo hupatikana kwa kuzidisha nusu ya uzito kwa mraba wa kasi. Piga hesabu hiyo utaona kwamba pigo la ndege ile kubwa linalizidi la Cessna zaidi ya mara elfu moja, na bado hujagusa mafuta.

Hesabu hiyo imeshapimwa na matukio yenyewe. Januari 5, 2002, huko Tampa, Marekani, mwanafunzi wa urubani mwenye miaka 15 aliligonga kwa makusudi jengo la benki la ghorofa 42 akiwa na Cessna 172. Alikufa yeye peke yake; ofisi aliyoingia iliharibika, jengo likabaki limesimama. Aprili 18 mwaka huohuo ndege ndogo ya injini moja iligonga jengo la Pirelli mjini Milan, wakafa watatu pamoja na rubani. Tukio baya zaidi kati ya haya kwa mali ni la Austin, Texas, Februari 18, 2010, pale mwenye ndege alipoielekeza kwenye ofisi za kodi: alikufa yeye na mfanyakazi mmoja, na moto wa mafuta ukalila jengo. Linganisha na Oklahoma City, Aprili 19, 1995, ambako lori la kukodi lilibebeshwa zaidi ya kilo 2,000 za milipuko na watu 168 wakauawa. Cessna ikishapakiwa rubani na mafuta, nafasi inayobaki ya mzigo haizidi kilo 200. Hata hivyo hakuna nchi iliyomwambia mwenye lori la kukodi atangaze njia yake saa moja kabla ya kuwasha injini.

Hatusemi hatari haipo. Tunasema ni ya kiwango fulani, na dawa ipimwe kwa kiwango hicho.

Sasa tuje kwenye duara, yaani eneo la anga lililozungushiwa mstari kwenye ramani na kufungwa au kuwekewa masharti, ambalo ndilo silaha kuu ya wanaolinda anga. Mfano unaojulikana zaidi ni wa Washington. Mji ule umezungukwa na duara lenye nusu kipenyo cha maili 30 za baharini, yaani kilomita 55 na ushei, kuanzia ardhini hadi karibu futi 18,000. Ndani yake kuna duara dogo la maili 13 hadi 15. Rubani anayeruka kwa kutazama nje kwa macho, akitaka kuingia duara la nje, lazima awe amewasilisha mpango wa safari, apewe namba yake peke yake ya transponda (kisanduku kinachoijibu rada kwa tarakimu nne na kimo cha ndege), awe ameshazungumza na waongoza ndege kabla ya kuvuka mstari, na asizidi kilomita 333 kwa saa. Duara la ndani karibu limefungwa kabisa kwa ndege binafsi. Wanaoruhusiwa kutua kwenye viwanja vidogo vilivyomo humo ni waliochukuliwa alama za vidole, wakapekuliwa na kupewa namba ya siri. Kimojawapo ni College Park, kilichofunguliwa mwaka 1909, kikongwe kuliko vyote duniani kati ya vile ambavyo havijawahi kuacha kazi.

Duara hilo halizuii ndege kupita. Angani hakuna ukuta. Linachonunua ni dakika tu. Kwa mwendo wa kilomita 220 kwa saa, kilomita 55 huisha ndani ya robo saa. Ndege ya injini mbili yenye kasi ya kilomita 500 kwa saa huzimaliza kabla dakika saba hazijatimia. Ndani ya dakika hizo mtu aone nukta kwenye rada, aamue kwamba si ndege wa porini wala wingu, aulize kama kuna anayeifahamu, apige simu, ndege ya kivita au helikopta iruke, ifike, itoe ishara, isubiri jibu, halafu mtu fulani aseme neno la mwisho. Duara likipanuliwa maradufu dakika zinaongezeka, lakini pamoja nazo huongezeka viwanja, shule za urubani na watu wasio na hatia waliomo ndani yake. Wanaochora maduara makubwa husahau kwamba eneo la duara hukua kwa mraba: ukiongeza nusu kipenyo mara mbili, unafunga anga mara nne.

Na nani hasa hunaswa? GAO, taasisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani, ilihesabu makosa yapatayo 3,400 ya kuingia maeneo yaliyozuiwa kati ya Septemba 12, 2001 na mwisho wa 2004. Asilimia 88 yalifanywa na ndege binafsi, na mengi yake hayakukusudiwa: rubani hakusoma tangazo, au alikuwa anakwepa hali mbaya ya hewa. Anayejua shughuli hizi hashangai, kwa sababu makosa yenyewe ni yaleyale miaka nenda miaka rudi.

La kwanza ni saa. Matangazo ya mazuio wanayopewa marubani huandikwa kwa saa za dunia, UTC, si saa za mahali ulipo. Anayejumlisha pale anapopaswa kutoa anaingia kwenye eneo lililofungwa akiamini zuio bado halijaanza. La pili ni ramani. Ramani za kielektroniki zilizomo kwenye vifaa vya ndege husasishwa kila baada ya siku 28. Zuio lililowekwa asubuhi hii kwa ajili ya msafara wa rais halimo. Hata vifaa vinavyopokea mazuio moja kwa moja kwa redio huweza kukosa kipande cha taarifa, na rubani akiona skrini safi hudhani anga ni safi. Kwa hiyo tangazo lisomwe usiku wa kuamkia safari, lisomwe tena ndani ya saa moja kabla ya kuruka, na kwenye safari ndefu mwongoza ndege aulizwe ukiwa angani. Mwenye busara hapiti ukingoni mwa duara. Huacha angalau maili tano, maana upepo wa ubavuni hausomi ramani.

La tatu ni transponda yenyewe. Ikiachwa kwenye hali ya kusubiri baada ya kuondoka ardhini, ndege inakuwa kama haina jina. Tena kuna mtego wa kubadilisha namba kwenye vifaa vya zamani vya kuzungusha tarakimu mojamoja. Namba 7700 maana yake ni dharura, 7600 redio imekufa, 7500 ndege imetekwa. Rubani aliye na 2700 akiambiwa aweke 7200, akianza na tarakimu ya kwanza anapita kwenye 7700, na mahali fulani kengele inalia. Dawa yake ni kuanza na tarakimu ya pili: 2200 kwanza, kisha 7200. Jambo dogo, lakini ni dogo la aina inayoamsha ndege za kivita.

La nne ndilo linalotusumbua zaidi, kwa sababu rubani hana hatia ndani yake. Juni 9, 2004, ndege iliyombeba gavana wa Kentucky ilikuwa ikienda Washington kwenye mazishi ya Rais Reagan. Transponda yake ilikuwa na hitilafu. Rubani alisema, waongoza ndege walijua, wakamruhusu aendelee. Lakini waliokuwa wakilinda anga upande wa pili hawakuwa wameambiwa. Waliona nukta isiyo na jina ikielekea katikati ya mji. Jengo la Bunge likaamriwa kuhamwa, watu wakakimbia mbio. Kilichokosekana ni chumba kimoja kuongea na kingine. Hakuna upana wa duara unaoweza kuponya ugonjwa huo.

Mwaka uliofuata, Mei 11, 2005, Cessna 150 yenye watu wawili waliopotea njia ilifika maili chache tu kutoka ikulu ya Marekani. Bunge na ikulu vikahamwa tena. Hapa kosa lilikuwa la marubani, na aliyekuwa kiongozi wa safari alinyang'anywa leseni, kwa haki. Lakini tazameni walichokumbana nacho watekelezaji: ndege inayokwenda kilomita 180 kwa saa haiwezi kusindikizwa na F-16. Ile ya kivita ikipunguza mwendo kiasi hicho inaanguka. Inabaki kupita, kuzunguka na kupita tena, huku ikimwaga mikondo ya hewa inayoweza kuibinua ndege ndogo. Ndiyo sababu tangu mwaka 2006 kazi ya kukabili ndege za polepole mjini Washington hufanywa na helikopta za walinzi wa pwani. Tangu 2005 pia kuna taa za leza zinazomulika nyekundu, nyekundu, kijani kwa rubani aliyeingia bila ruhusa. Akiziona awasiliane na waongoza ndege mara moja, na akishindwa, ageuze aondoke kwenye kitovu kwa njia fupi kuliko zote.

Tungependa kila mwenye leseni, popote alipo, azijue ishara za kukamatwa angani kama anavyojua breki za gari lake, kwa kuwa ni za kimataifa na hazihitaji lugha. Ndege inayokukabili hukaa mbele kidogo na juu kidogo, kwa kawaida kushoto kwako, na kutikisa mabawa. Usiku huongeza kumulika taa zake. Jibu lake ni kutikisa mabawa nawe, kisha kuifuata inapogeuka polepole. Papo hapo fungua redio kwenye masafa ya 121.5, sema wewe ni nani na unakwenda wapi, na weka 7700 kwenye transponda isipokuwa umeagizwa namba nyingine. Ikishusha magurudumu na kupita juu ya uwanja, inakuambia utue hapo. Ikijiondoa ghafla kwa kupanda na kugeuka nyuzi 90 au zaidi bila kukatiza mbele yako, umeruhusiwa kuendelea. Makosa yanayoonekana ni kugeukia upande wa ndege ile ili kuitazama vizuri, au kushuka chini haraka kwa hofu. Yote mawili, kwa mtu aliye kwenye ndege ya kivita, yanafanana na nia mbaya.

Tunafika sasa kwenye swali ambalo wapenda maduara hulikwepa. Dakika zikishanunuliwa, zitatumika kufanya nini? Mwisho wa mnyororo ule kuna risasi. Aprili 20, 2001, jeshi la anga la Peru, likisaidiwa na ndege ya upelelezi ya CIA iliyokuwa ikisaka wasafirishaji wa dawa za kulevya, liliishambulia Cessna 185 iliyokuwa imebeba familia ya wamisionari. Mama na mtoto wake mchanga waliuawa. Rubani, akiwa amejeruhiwa miguuni, alifaulu kuitua mtoni. Waliokuwa kwenye ndege ya upelelezi walikuwa wameanza kutilia shaka kabla ya risasi kufyatuliwa, lakini lugha na haraka vikawashinda. Hivyo ndivyo mambo huharibika: shaka inakuwepo, lakini haina muda wa kumfikia mwenye kidole kwenye kifyatulio.

Mataifa yaliliona hili mapema. Baada ya ndege ya abiria ya Korea kutunguliwa mwaka 1983 na watu 269 kufa, Mkataba wa Chicago wa usafiri wa anga uliongezewa mwaka 1984 kifungu cha 3 bis kinachozitaka nchi zijiepushe na kutumia silaha dhidi ya ndege za kiraia zilizo angani. Mkataba huohuo, katika kifungu cha 9, unaziruhusu nchi kufunga sehemu za anga kwa sababu za usalama, lakini unataka maeneo hayo yawe ya ukubwa na mahali panapostahili, yasivuruge safari bila sababu. Watu husoma nusu ya kwanza ya kifungu hicho na kufunga kitabu.

Ujerumani ilikwenda mbali zaidi, na chanzo kilikuwa ndege ndogo hasa. Januari 5, 2003, mtu mwenye silaha aliiba glaida (ndege nyepesi ya kuelea hewani) yenye injini akazunguka nayo juu ya Frankfurt akitishia kuigonga Benki Kuu ya Ulaya. Katikati ya mji ilihamwa. Kilichommaliza nguvu ni maneno: alizungumzishwa kwa redio hadi akatua salama. Hata hivyo, mwaka 2005 nchi hiyo ilipitisha sheria iliyomruhusu Waziri wa Ulinzi kuamuru ndege itunguliwe. Februari 15, 2006 Mahakama ya Katiba ikakifuta kifungu hicho. Majaji walisema serikali haiwezi kuwageuza abiria wasio na hatia kuwa vyombo vya kuokolea wengine, na waligusia jambo ambalo kila mwongoza ndege analijua: uamuzi wa namna hiyo hufanywa gizani, kwa taarifa nusunusu.

Kwa upande mwingine, duara lenye ulinzi kuliko yote halikuiona jairokopta (chombo kidogo kinachofanana na helikopta) iliyotua kwenye nyasi za Bunge la Marekani Aprili 15, 2015, ikiwa na mtu mmoja na mzigo wa barua. Kwenye rada ilionekana kama kundi la ndege wa porini, na kompyuta huchuja vitu vya namna hiyo ili skrini isijae takataka. Yaani kadiri chombo kilivyo kidogo, ndivyo sheria ya anga inavyomkamata tu yule aliyejitambulisha mwenyewe.

Turudi Tampa. Kijana yule hakuvunja duara lolote ili kuanza safari yake. Alipelekwa peke yake kuikagua ndege kabla ya somo, akaingia, akawasha, akaruka. Helikopta ya walinzi wa pwani ilimfikia na kumpa ishara ya kutua, akaipuuza. Ndege za kivita zilifika mambo yameisha. Safari nzima ilikuwa ya dakika chache. Mahali pekee pa kumzuia palikuwa kwenye ufunguo. Baada ya hapo mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani ilizishauri shule zitenganishe ufunguo wa mlango na wa kuwashia, na zisimkabidhi mwanafunzi funguo hadi afike hatua ya mafunzo inayostahili. Huo kwa maoni yetu ndio ushauri wenye faida kuliko yote iliyotolewa katika miaka ile, na haukumnyima mtu yeyote uhuru wake.

Lakini ufunguo peke yake hautoshi, na hapa wengi hawaelewi ndege hizi zilivyo. Mlango wa ndege ndogo ya miaka ya sabini una kitasa cha nguvu ya kabati la faili. Injini yake haihitaji betri ili iendelee kuwaka: magneto mbili zinazoendeshwa na injini yenyewe hutengeneza umeme wa plagi. Swichi ya ufunguo haikati umeme huo. Inachofanya ni kuupeleka kwenye bodi ya injini kwa waya mwembamba ili usifike kwenye plagi. Waya huo ukikatika, magneto inabaki hai hata ufunguo ukiwa mfukoni mwako, na anayejua anaweza kuwasha kwa kuisukuma propela kwa mkono. (Ndiyo maana pia fundi haishiki propela kizembe hata ndege ikiwa imezimwa.) Kuchomoa betri, ambako watu hukusifu, hakuzuii chochote hapo.

Kinachozuia ni chuma. Kufuli la propela, yaani mnyororo mzito uliovikwa mpira au pingu ya chuma inayobana mashina ya mapanga yake, linaifanya ndege iwe sanamu. La pili ni kufuli la wenzo wa mafuta ndani ya chumba cha rubani, linaloushikilia mahali pa kuzima. Jimbo la New Jersey, tangu mwaka 2003, linataka ndege inayoegeshwa zaidi ya saa 24 iwe na makufuli mawili, na hakuna aliyeshindwa kuruka kwa sababu hiyo. Tahadhari ni moja: kufuli likisahaulika, mwenye ndege akawasha injini, mnyororo unaweza kurarua kifuniko cha injini na kuharibu propela. Kwa hiyo lipakwe rangi nyekundu, lifungwe utepe mrefu unaoning'inia, na ufunguo wake uwe kwenye kishikizo kimoja na ufunguo wa kuwashia, ili huwezi kuwa na huu bila kuugusa ule. Kufuli la wenzo wa mafuta nalo liondolewe kabla ya kukaa kitini, si baada ya kufunga mkanda.

Zaidi ya hapo ni taa kwenye maegesho, daftari la nani amechukua ndege gani na saa ngapi, na macho ya watu. Kwenye viwanja vidogo watu hufahamiana. Mgeni anayelipa fedha taslimu na kuulizia mzigo badala ya upepo, au anayetaka kujifunza kuruka tu bila kutua, huonekana siku ya kwanza. Anayemwona awe na namba moja ya simu ya kupiga, inayopokelewa usiku na mchana na mtu anayejua kiwanja ni nini.

Kuhusu kupekuliwa, tunatofautiana na baadhi ya wenzetu. Kuchukuliwa alama za vidole mara moja, wakati wa kupewa leseni, hakututii kinyongo. Anayeendesha basi la shule hupekuliwa pia. Ujerumani hurudia uchunguzi wa marubani kila baada ya miaka mitano. Kitambulisho cha usalama cha viwanja vya ndege Australia hudumu miwili, na hapo tunaona karatasi zimeanza kulishana zenyewe. Upekuzi uwe na siku maalumu za kujibiwa, anayekataliwa apewe sababu kwa maandishi, na awepo wa kukata rufaa kwake asiye yuleyule aliyemkataa. Bila mambo hayo matatu unakuwa adhabu isiyo na kesi. Na tukiri: rubani wa Austin angepita upekuzi wowote. Ndege ilikuwa yake, leseni yake, hanga lake.

Uhuru una upande mwingine usiozungumzwa sana, nao ni wa kutofuatwa. Tangu Januari 1, 2020, sehemu kubwa ya anga linaloongozwa la Marekani hairuhusu ndege isiyo na kifaa cha ADS-B, ambacho kila sekunde hutangaza mahali ilipo, kimo, kasi na namba ya kudumu iliyofungamana na usajili wake. Kwa usalama wa kutogongana ni kitu kizuri sana. Lakini hutangaza kwa kila mtu. Kipokezi cha bei ndogo kwenye masafa ya megahezi 1090 kinatosha, na kwa kuwa daftari la usajili liko wazi, jirani mwenye chuki anaweza kujua mwenye ndege hii hayupo nyumbani na amekwenda wapi. Dola ikihitaji kuona, ione. Ulimwengu mzima hauna sababu hiyo. Marekani tayari hutoa namba za muda zisizomo kwenye daftari la wazi, ambazo serikali inazijua na wengine hawazijui. Utaratibu huo ungepaswa kuwa wa kawaida kwa kila mwenye kuutaka, si fadhila ya maombi.

Kwa wanaoandika kanuni tuna maombi mahususi. Zuio la muda litangazwe mahali pamoja, kwa maandishi na kwa mchoro, saa za UTC na za mahali husika zikiwa pamoja. Nusu kipenyo chake kielezwe kwa dakika za kukabili: ni chombo gani kitaruka, kutoka wapi, kitachukua muda gani. Asiyeweza kujibu hayo amechora tu duara. Pawepo njia iliyoandikwa kwa ndege ambayo redio au transponda imekufa ikiwa ndani, uelekeo upi, kimo gani, itue wapi, na wanaolinda anga wawe na njia hiyo mezani kwao kabla siku haijafika. Chumba cha waongoza ndege na chumba cha walinzi wa anga viwe na laini moja ya simu iliyo wazi muda wote wa zuio.

Na kila zuio liandikwe tarehe ya kufa kwake, ili anayelitaka liendelee alazimike kulitetea upya. Duara la Washington lilipoanza Februari 2003 liliitwa la muda. Februari 2009 likafanywa la kudumu.

Ni sisi wasomaji wako,
Walimu na mafundi wa ndege ndogo